Sabuni za Mafuta ya Sangara

Nipo kwenye kundi la WhatsApp la wanawake tunaotengeneza sabuni na mafuta ya kujipaka nyumbani, si kwa biashara, kwa kujifurahisha tu. Tuko wengi kuliko unavyodhani. Mhasibu yumo, muuguzi yumo, mke wa mchungaji yumo, wote tumefikia umri wa kusoma maandishi ya kwenye chupa ya dawa kwa kunyoosha mkono mbali. Mgeni akiingia huulizwa aeleze alianzaje. Mmoja aliandika kwamba ngozi ya mwanawe ilikuwa na upele. Mwingine alisema daktari alimshauri atafute kitu cha kumtuliza baada ya kustaafu, na kwa kuwa bustani hana na mume hamtulizi, akachagua sabuni. Zamu yangu ilipofika niliandika "nilijifunza kwa mama", nikaweka picha ya ua, nikaifunga simu.

Si uongo, ila lilikuwa jibu la kumaliza maswali. Siku hiyohiyo, Jumamosi, nilikuwa nimeyeyusha mafuta na kumimina maji ya kostiki, ile dawa nyeupe inayounguza ambayo ndiyo hugeuza mafuta kuwa sabuni. Wanaouza sabuni za urembo hawakuambii, lakini sabuni kabla ya kunukia hunuka. Kuna dakika chache mwanzoni ambapo sufuria hutoa harufu nzito, ya kitu cha jikoni kilichosahaulika. Ilinipata puani nikiwa nimesimama na mwiko mkononi, na nikajikuta nina miaka kumi, niko Igogo, Mwanza, uani kwetu, na mama bado mzima.

Tulikuwa tunakaa juu kidogo, katikati ya mawe, chumba na sebule, na ua ambao nusu ulikuwa udongo na nusu jiwe. Ziwa lilionekana lote kutoka pale, bure kabisa, na hakuna aliyelitazama. Baba alikuwa dereva wa lori, akija siku mbili anaondoka wiki tatu. Kaka yangu Mabula, ambaye kwa jina lake mama aliitwa Mama Mabula mtaa mzima, alikuwa shule ya bweni. Siku nyingi nyumbani tulikuwa mama na mimi.

Mama alifanya kazi kwenye kiwanda cha minofu. Alisimama zamu nzima amevaa mabuti meupe na kofia ya neti, akichuna ngozi ya sangara kwenye meza yenye barafu, na kila baada ya muda anachovya mikono kwenye maji ya dawa. Alirudi na vidole vilivyopasuka kwenye maungio, vimekuwa vyeupe kwa pembeni, na alirudi na shombo. Nisidanganye, nilikuwa nalipenda. Nilipokuwa mdogo zaidi, shombo ndilo lililonijulisha kwamba mama amefika hata kabla mlango haujafunguka. Nilikimbilia tumboni kwake nikazika uso kwenye kanga, na kwangu mimi hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya mama, kama wengine walivyokuwa na mama wa poda.

Kisha nikafika darasa la nne na kuanza mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Kulikuwa na msichana anaitwa Jesca, mwenye mdomo kuliko umri wake. Jioni moja mama alinipitia kanisani akitoka kazini, akanipungia mkono getini. Jesca akavuta pumzi, akasema, "Mama yako akipita, paka wanaamka." Watoto wote wakacheka. Na mimi nikacheka. Hicho kicheko changu ndicho kitu ambacho hadi leo sijakisamehe, maana Jesca angalau mama hakuwa wake.

Kuanzia hapo nikaanza kutembea hatua mbili mbele ya mama. Kanisani nikawa najipenyeza kukaa na watoto wa kwaya, ingawa hata kengele ya baiskeli ilikuwa na sauti nzuri kuliko yangu. Mama hakuuliza. Nilidhani kimya chake kinamaanisha anajua.

Sabuni ilianza kwa Mama Kemi, jirani yetu, mwalimu mstaafu wa sayansi kimu aliyetoka Bukoba, mwanamke aliyeongea kila sentensi kama anaiandika ubaoni. Alituletea sahani ya senene, wale panzi wa kukaanga wa kwao, mama akanyoosha mikono kuipokea, na mwalimu akaishika ile mikono badala ya kuiachia sahani.

"Mama Mabula, waitu, hii mikono utashikia nini uzeeni?"

"Ni yale maji ya dawa, mwalimu. Yanakula ngozi."

"Na sabuni ya mche unayoogea inamalizia kilichobaki. Jumamosi usiende popote. Nitakuonyesha kitu."

Jumamosi akaja na mizani ya kupimia unga, daftari, na sufuria aliyoiandika kwa rangi nyekundu USIPIKIE. Alitufunga kanga puani. Akatufundisha kwamba kostiki ndiyo humiminwa kwenye maji, si maji kwenye kostiki, na akaniuliza hilo mara tatu mpaka nikajibu bila kufikiri. Mafuta yalikuwa tayari yameyeyushwa, mekundu kwa mawese niliyotumwa mimi mwenyewe kununua Mkuyuni. Mama akakoroga. Alikoroga mpaka ukawa uji mzito, tukaumimina kwenye boksi la mbao lililotandikwa nailoni, na mwalimu akasema sabuni ikatwe kesho, kisha isiguswe na maji kwa wiki nne. Inatakiwa ikomae, alisema, ukali uishe.

Sabuni ya kwanza ilipasuka katikati kama keki ya mtu asiyejua. Nilimtazama mama nikisubiri anune, maana ugali ukimharibikia alikuwa hasemeshwi. Akacheka. Alikaa chini kwenye jiwe akacheka mpaka akajifuta macho kwa kiwiko.

Baada ya hapo hakuwa mtu wa kushikika. Mara ya pili alifuata daftari la mwalimu, mara ya tatu akaanza kulikaidi. Akatia kahawa iliyosagwa, ambayo Mama Kemi aliletewa kutoka kwao. Akatia maji ya mchaichai, akatia ute wa shubiri aliyoichuma nyuma ya choo cha jirani. Siku moja alichukua kitambaa chetu cha kufuma, kile cha juu ya redio, akakitandika chini ya boksi kabla ya kumimina, na sabuni zikatoka zikiwa na maua mgongoni. Aliziita majina. Ile ya kahawa aliiita Mzee wa Baraza. Ya maua aliiita Bi Harusi. Akitoka zamu, kabla hata ya kuvua viatu, alikwenda kwanza chumbani kwenye kreti lililogeuzwa kuwa rafu, akazigeuza moja moja ili zikauke pande zote, akachukua mojawapo na kuinusa amefumba macho.

Nilimwona vile nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Niliamini mama amesikia neno la Jesca. Niliamini anatafuta sabuni ya kuua shombo, na kwamba kila akiinusa anapima kama safari hii amefaulu. Nilimhurumia na nikaona aibu, na wakati huohuo nikawa namwombea afaulu haraka, kabla ya Komunyo. Katika sala zangu za usiku niliweka sabuni kati ya baba aliyeko safarini na marehemu bibi.

Mwezi mmoja na nusu kabla ya siku yenyewe, mama akaniambia ana wazo. Kila atakayekuja kwenye sherehe yangu, na kila mtoto wa darasa langu la mafundisho, atapewa kipande kimoja cha Bi Harusi kilichofungwa kwa kitambaa cha kitenge. Alikuwa ameshaokota mabaki ya vitenge kwa fundi. Alitengeneza vipande arobaini. Sikuwahi kumwona mama akipanga jambo lake mwenyewe kwa furaha namna ile, maana mambo mengine yote ya nyumba yalimpangia yeye. Nikafurahi. Nilijua Jesca naye atapokea sabuni nzuri kutoka kwa mama yangu, na habari ya paka itakwisha.

Ijumaa, siku tisa kabla ya Komunyo, nilirudi nikawakuta mama na Mama Kemi kibarazani. Mwalimu alikuwa ameshika Bi Harusi moja, anaizungusha mkononi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu." Kisha akamgeukia mama. "Ukimwambia mtu kwamba haya yalikuwa mafuta ya sangara, nani atakuamini?"

"Nitawaambia," mama akasema. "Siku ya sherehe nitasimama niwaambie wote. Wazinuse kwanza, halafu ndiyo niwaambie."

Wakacheka wote wawili. Mimi nilipita ndani na begi langu nikakaa kitandani. Mafuta ya sangara, yale yanayochemshwa kutoka kwenye mabaki ya kiwandani, ambayo watu hukaangia mapanki, ile mifupa iliyokwisha kutolewa minofu. Mama alikuwa akiyaleta kwenye dumu la njano, akiyasafisha kwa maji ya chumvi wakati mimi niko shule, na mawese yalikuwa ya kuongezea tu. Mimi niliyedhani dumu lile ni la jikoni. Nikachukua sabuni moja kwenye kreti, nikainusa, na safari hii nikasikia samaki. Leo najua haikuwa na samaki, ilikuwa mchaichai mtupu. Lakini pua ya mtoto mwenye aibu husikia inachoogopa. Nikamwona akilini mama amesimama mbele ya watu wote na gauni lake la sherehe, anatangaza sangara kwa furaha, na Jesca amekaa mbele.

Kesho yake mama alikuwa na zamu ya asubuhi. Nilinunua malimau kwa hela niliyopewa ya maandazi. Kila mtoto wa Mwanza anajua jinsi ya kutoa shombo, nilikuwa nafundishwa tangu naanza kusimama kwenye stuli jikoni. Unakamulia samaki limau, unatia chumvi, unaacha kidogo, unasuuza, shombo linaisha. Sikuwa nataka kuharibu chochote. Nilitaka kuzisafisha, nizirudishe kwenye rafu, mama asijue, siku ya sherehe aseme anachotaka kusema na asipatikane wa kumcheka. Nikapanga sabuni zote arobaini kwenye sufuria kubwa la wali, nikakamua malimau yote, nikatia chumvi kwa konzi. Na kwa kuwa nililiona shombo hili ni sugu, nikaongeza maji nikabandika jikoni.

Mwanzoni povu lilipanda, nikaona kazi inafanyika. Kisha povu likafa. Maua yakalainika, pembe zikazama, na sufuria likaanza kukatika kama maziwa yaliyochachuka, madonge yanaelea juu na maji ya rangi ya kutu yanabaki chini. Nilikoroga. Nikaongeza limau. Madonge yakawa mafuta, ya kushikamana na mwiko, na kutoka kwenye yale mafuta likapanda shombo, halisi, lililokuwa limelala humo wiki zote. Likajaza jiko, likajaza sebule, likatoka mpaka uani.

Mama alinikuta nimekaa sakafuni, mwiko bado mkononi, nalia. Alitazama sufuria. Akaenda chumbani, akakuta kreti tupu, akarudi.

"Umefanya nini?"

"Nilikuwa natoa shombo."

"Shombo la nani?"

Aliuliza kawaida tu, kama anavyouliza mtu asiyejua. Nami nilikuwa na miaka kumi, nimechoka kwa kulia, sikuwa na uongo wowote karibu.

"La kwako," nikasema. "Wananicheka."

Nilitegemea kofi. Nilikuwa nimeshainua bega. Mama akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa. Alinyanyua mikono yake akainusa, kwanza wa kulia, halafu wa kushoto, taratibu, kama mtu anayekagua kitu cha mwenzake.

"Mimi sikujua kama nanuka," akasema.

Hakuwa amesikia neno la Jesca. Hakuwa anaua shombo lolote. Mikono ilikuwa inamuuma, akafundishwa kutengeneza sabuni ya mikono, na halafu akagundua kwamba anapenda kukoroga, kutia rangi, kutandika maua, kuita sabuni majina. Alipokuwa akifumba macho na kuinusa, hakuwa anapima kitu. Alikuwa anafurahi. Mwanamke mwenye miaka thelathini na tano alikuwa amepata mchezo wake wa kwanza, na aibu ambayo nilidhani ni yake ilikuwa yangu mimi, nami ndiye niliyeileta nyumbani na kumkabidhi.

Mama Kemi aliitwa. Alichota donge kwa kijiko, akalitazama.

"Limau huifungua sabuni," aliniambia, bila ukali. "Umeirudisha kwenye mafuta."

"Haiwezi kuwa sabuni tena?"

"Inaweza. Ila si ya Jumapili ijayo. Sabuni haiharakishwi."

Wiki ile mama hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Alifika kutoka kazini akasimama bombani nje muda mrefu kabla ya kuingia ndani. Alipangusa vyombo, alinishonea pindo la gauni jeupe, aliuliza kama nimekula. Kreti likabaki tupu ukutani. Na nilipomkaribia, alirudi nyuma nusu hatua, kidogo tu, huku akijifanya anatafuta kitu.

Siku ya Komunyo padri alituita mbele, akawaomba wazazi wasimame nyuma yetu na kuweka mkono begani kwa mtoto. Nikasikia mikono ikitua kwenye mabega ya wenzangu. Mama alikuwa amekaa viti vya nyuma kabisa, karibu na wenye watoto wachanga. Nikahesabu hatua zake kwenye sakafu bila kugeuka. Mkono wake ulipotua begani kwangu ulitua kwa ncha za vidole tu, na ukanukia limau.

Nilijua vidole vile vilivyokuwa. Nilijua mipasuko yake yote, na nilijua limau likiingia kwenye kidonda linavyouma, maana hata mimi lilikuwa limeniunguza mkwaruzo mmoja tu siku ile ya sufuria. Alikuwa amejisafisha kama nilivyomfundisha. Nilinyanyua mkono wangu nikaubonyeza wake chini mpaka kiganja chote kikakaa begani. Mshumaa wangu ukanidondoshea nta kwenye gauni, sikujali. Watu walidhani nalia kwa ajili ya sakramenti.

Jumatatu baada ya shule nilichukua lile dumu la njano nikashuka hadi wanakouza mafuta, karibu na kiwanda. Nilipanga foleni na akina mama, nikajaziwa, nikajitwika. Kulikuwa na njia ya nyuma, ya kupitia kwenye mawe, ambayo hainikutanishi na mtu. Nikapita njia kuu. Jesca alikuwa nje kwao anaruka kamba na wenzake, akasimama kuniangalia.

"Umebeba nini?"

"Mafuta ya sangara. Mama yangu anatengeneza sabuni."

Sikumbuki alijibu nini. Nakumbuka kwamba dumu lilikuwa linanimwagikia shingoni, na kwamba nilifika nyumbani nikiwa nanuka kuliko mama alivyowahi kunuka. Alikuwa uani anafua. Nilitua dumu mbele yake. Akalitazama, akanitazama mimi, mafuta yamenishuka mpaka kwenye sare ya shule.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna. Nataka tutengeneze Bi Harusi."

Alimaliza kukamua shuka aliyokuwa ameishika, akaianika, akavuta pembe zake zikae sawa. Kisha akaingia ndani akatoka na sufuria yenye maandishi mekundu na kanga mbili, moja akanifunga mimi puani.

Alitengeneza sabuni mpaka miaka yake ya mwisho, hata baada ya kuacha kazi kiwandani, na kila aliyekuja kwetu aliondoka nayo. Alikuja kuwa mjuzi kuliko mwalimu wake. Alicheka tena, aliziita tena majina, mikono yake ikapona ikawa laini. Lakini tangu wiki ile hakuwahi kumkabidhi mtu sabuni hivihivi. Alimsogezea kwanza karibu na pua, akamwambia, "Nusa." Akasubiri, macho yake usoni kwa yule mtu, mpaka aseme inanukia. Wageni walidhani anajivunia kazi yake, nao wakamsifu. Ni mimi tu niliyekuwa najua kwamba anauliza.